Wali wangu wa kukaanga unageuka bokoboko: ninunue karai la Kichina?

"Shikamoo mwalimu. Ninaishi Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Wanangu waliula wali wa kukaanga wa Kichina kwenye sherehe, tangu siku hiyo hawanipi nafasi. Nikijaribu nyumbani unashikana na kuganda kwenye karai. Nikiona unataka kuungua naongeza maji kidogo, mwisho napata bokoboko lenye rangi ya udongo. Natumia mchele wa Kyela, mafuta ya alizeti ya kukamua anayotuletea shemeji kutoka Singida, na sosi ya soya vijiko vitano vya chakula kwa kilo moja ya mchele. Jiko ni la mtungi mdogo wa gesi, na moshi unavyojaa jikoni utadhani nachoma matofali. Jirani akaniambia siri ni wali ulale. Nikaulaza kwenye sufuria usiku kucha, asubuhi nikaukaanga. Kweli ulichambuka kidogo, lakini mwanangu wa miaka minne akatapika kabla ya saa sita mchana. Baba watoto ana presha na sasa amepiga marufuku sosi pamoja na ule unga mweupe wa kuongeza ladha, anasema ni sumu. Je, ninunue karai la Kichina na jiko kubwa, au niachane na jambo hili?"

Marahaba, mama. Kwanza mtoto. Kama bado anatapika, amelegea au hakojoi kama kawaida, weka simu chini umpeleke kituo cha afya sasa hivi, wali utakungoja. Kama ameshapona na anakimbia uani, basi kaa tuzungumze. Umeeleza ulichofanya bila kuficha kitu, na makosa yote yamo humohumo kwenye maelezo yako, jambo linalonirahisishia kazi.

Wewe unadhani tatizo ni vifaa. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye jiko la mgahawa wa Kichina Dar es Salaam kabla ya kuja kufundisha mapishi huku, na nakuhakikishia kwamba karai la Kichina ukilitua juu ya mtungi wako mdogo litakupa bokoboko lilelile, ila safari hii utakuwa umelipia. Kinachokusumbua ni maji. Yamo ndani ya wali, yamo kwenye mboga na kwenye sosi, halafu kuna yale unayoyamimina kwa mkono wako mwenyewe wali unapoanza kushika.

Hayo ya mwisho najua yametoka wapi: ni mkono wa pilau. Sisi tumelelewa hivyo. Kitunguu kinakaangwa mpaka kinakuwa cha kahawia, viungo vinafuata, nyama, mchele, kisha maji, na ukiona kitu kinashika unaongeza maji. Pilau huanza na kukaanga ikamalizia na maji. Wali wa Kichina unakwenda kinyume: huanza na maji ukamalizia na kukaanga. Ukishauingiza kwenye karai, kila tone la maji linakurudisha nyuma. Wali ukishika, dawa yake ni moto kidogo zaidi, mafuta kijiko kimoja pembeni, au kupunguza wali. Maji hapana.

Nikueleze kwa nini, maana ukilielewa hili utajirekebisha mwenyewe hata nisipokuwepo. Maji yakiwa karaini, joto la pale yalipo haliwezi kupanda juu ya kiwango cha kuchemka. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar. Ile harufu ya kukaangwa uliyoisikia kwenye sherehe huanza kutoka vizuri karibu na nyuzijoto 140. Maana yake, wali wenye maji unachemshwa mara ya pili, hata kama umewekewa mafuta na karai linalia. Na usidhani yatakauka upesi: kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula nishati karibu mara saba ya ile uliyotumia kuyapasha kutoka ubaridi mpaka yakachemka. Sasa chukua kilo yako moja ya mchele. Ikiiva inakuwa kama kilo mbili na nusu za wali, na theluthi mbili hivi za uzito huo ni maji. Umeimwaga yote kwa mpigo kwenye karai moja juu ya moto wa mtungi mdogo. Hata mimi ningepata bokoboko.

Mgahawani tatizo hili hulitatua kwa moto. Jiko la mgahawa wa Kichina lina nguvu mara kumi au zaidi ya jiko la gesi la nyumbani. Mngurumo wake ni kama wa jenereta, na maji yakigusa chuma yanapotea papo hapo. Wakantoni, Wachina wa kusini, wana neno, wok hei, yaani pumzi ya karai, kwa ile ladha ya moshi mwembamba inayotokana na moto wa namna hiyo, hasa matone ya mafuta yanaporuka na kushika moto hewani. Na kule kurusharusha wali unakokuona kwenye video si mbwembwe. Mwaka 2020 watafiti wa Georgia Tech huko Marekani walichapisha vipimo vya wapishi kazini: karai huchezeshwa karibu mara tatu kwa sekunde moja, na punje inapokuwa hewani inapata nafasi ya kupoa ili isiungue kwenye moto ule mkali. Kwa hiyo wao wanarusha ili kuupooza wali. Moto wako wewe, mama, hauna joto la ziada la kupooza. Ukirusha unapoteza hata hicho kidogo ulichonacho, na karai zito juu ya mtungi mdogo, watoto wakiwa jikoni, linaweza kupinduka. Acha karai litulie, ugeuze kwa mwiko.

Basi kama moto hatuna, maji tuyatoe mapema, na tukaange kidogo kidogo. Mengine yote yanafuata hapo.

Tuanze na mchele wenyewe. Wa Kyela sina ugomvi nao, ni mtamu na unanukia, lakini huwa unalainika haraka, hasa ukiwa wa msimu mpya. Mchele uliokaa miezi kadhaa baada ya kuvunwa huwa mkavu zaidi na huchambuka vizuri, kwa hiyo ukienda Majengo au Soko la Job Ndugai muulize muuzaji bila aibu kama ni mpya au wa zamani, halafu tazama chenga. Punje iliyovunjika inamwaga wanga wake nje, na wanga huo ndio gundi inayokushikanishia wali. Basmati inafanya kazi vizuri pia, sababu ina kwa wingi ile aina ya wanga iitwayo amilosi inayofanya punje zijitenge, ila sioni haja ya kuongeza gharama. Kyela wa zamani usio na chenga unatosha kabisa.

Osha mara tatu au nne mpaka maji yaache kuwa kama maziwa. Uchuje kwelikweli, dakika kumi kwenye chujio. Kisha pika kwa maji kidogo kuliko ulivyozoea: kwa kila kikombe cha mchele, kikombe kimoja na robo cha maji, chumvi kidogo sana na mafuta kijiko cha chai. Ukipika kwa mkaa, palia makaa juu ya mfuniko mwishoni kama bibi zetu walivyofanya. Joto la juu linakausha uso wa wali vizuri kuliko moto wa chini peke yake. Utoe ukiwa umeiva lakini una kiini kidogo ukitafuna. Tui la nazi liache kwa siku ya maharage: linaulainisha wali na sukari yake inaungua upesi karaini.

Sasa hili la wali kulala. Jirani yako hakukudanganya, ila hakukumalizia habari. Wali ukipoa mambo mawili hutokea. La kwanza, mvuke unatoka na uso wa punje unakauka. La pili, wanga uliokuwa umelegea kwa joto unajifunga upya, punje inakuwa ngumu kidogo na haipondeki kirahisi. Hili la pili huenda kasi zaidi kwenye ubaridi wa friji, ndiyo maana kiporo cha friji kinasifiwa. Lakini kwa kazi yako la kwanza ndilo lenye uzito, na hapo Dodoma inakusaidia kuliko miji mingi. Hewa yetu ni kavu, na miezi ya kiangazi, kuanzia Juni kuelekea Septemba, upepo huu unaotukaushia midomo unakausha wali kwa saa moja tu. Mwaga wali wa moto kwenye sinia mbili pana, utandaze usizidi unene wa kidole kimoja, ufunike kwa kitambaa chepesi kama shela (vumbi letu unalijua), uweke ndani karibu na dirisha lililo wazi. Masika washa feni. Baada ya saa moja, chota kiganja kimoja ufinye. Ukifungua mkono wali uanguke punje punje na kiganja kibaki kikavu. Ukibaki donge, uache dakika kumi na tano zaidi. Saa mbili zisipite kabla hujaukaanga au kuuweka kwenye friji.

Saa mbili hizo nazisema kwa sababu ya mwanao. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus anayeishi kwenye udongo na kuingia kwenye nafaka tangu shambani. Mbegu zake ngumu hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiiva mbegu hizo zimelala tu. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, bakteria wanazaana na wanaacha sumu ndani ya chakula. Kinachowaponza watu wengi ni kudhani kwamba ukipasha moto sana unaua kila kitu. Bakteria watakufa, lakini ile sumu inayotapisha huvumilia joto la kawaida la kupikia na kupasha wali. Huwezi kuikaanga ikaisha, huwezi kuisikia kwa harufu wala kuionja. Tatizo hili lilianza kueleweka vizuri Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wagonjwa walikuwa wamekula wali wa kukaanga, wa migahawani, uliopikwa mapema na kuachwa nje. Sufuria iliyojaa na kufunikwa ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa sababu katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, hata usiku wa Julai ambao sisi wengine tunalala na mablanketi mawili.

Siwezi kukuambia kwa hakika kwamba ni wali uliomtapisha. Watoto wa umri huo hutapika kwa mengi. Lakini kutapika kwa sumu hii huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na maelezo yako yanaingia humo. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja, na kazi yako huwa kumrudishia maji kidogo kidogo kwa kijiko. Pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi inatosha kuanzia. Usisubiri nyumbani ukiona hashikilii hata hayo maji, macho yameingia ndani, amepitisha saa sita au zaidi bila kukojoa, kuna damu, homa kali, usingizi usio wa kawaida au macho ya njano. Hapo ni kituo cha afya, usiku au mchana, na waambie alikula nini na saa ngapi. Wala usijilaumu kupita kiasi. Nusu ya nchi hii inalaza kiporo cha wali kwenye sufuria, na mara nyingi bahati huwa upande wetu.

Ukitaka wa friji, sawa: upoe haraka kwenye sinia, uingie kwenye vyombo vifupi ndani ya saa mbili, na ukaangwe kesho yake. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikapata joto, wape kuku au tupa.

Moshi nao una maelezo mafupi. Alizeti ya Singida ya kukamua ni mafuta mazuri, mimi mwenyewe natumia kwenye mlenda na mboga za majani. Ila hayajasafishwa, yana vipandevipande na vitu vinavyoungua mapema, na huanza kutoa moshi kwenye nyuzijoto mia na kidogo. Alizeti iliyosafishwa kiwandani huvumilia mpaka zaidi ya nyuzijoto 220. Kwa hiyo karai lako linafuka moshi kabla halijafika joto la kukaangia, wewe unaona moshi unapunguza moto, na wali unarudi kuchemka. Nunua chupa ndogo ya alizeti iliyosafishwa kwa kazi hii tu. Ya shemeji iendelee na kazi zake.

Haya, tuingie jikoni.

Chukua chombo kizito chenye kitako kipana. Kikaango cha chuma ni bora kuliko karai la duara juu ya jiko la nyumbani, kwa sababu moto wa gesi unagusa sehemu ndogo ya duara, kuta zinabaki baridi. Kama ulichonacho ni karai la alumini, tumia hilohilo, lipashe muda mrefu zaidi. Kile kikaango kisichoshika kinafaa pia, ila usikiache kitupu motoni mpaka kitoe moshi. Utando wake huharibika ukizidi nyuzijoto 260 hivi na hewa yake si ya kuvuta.

Mboga kwanza, na utakapozimaliza zitoke. Karoti ndogondogo, hoho, njegere zilizochemshwa na kukaushwa kwa kitambaa. Ukiziacha mbichi ndani ya wali zitatema maji yake humo. Dakika mbili kwenye mafuta kidogo, weka kwenye sahani. Mayai matatu yafuate: mafuta yawe ya moto hasa, mimina, subiri yavimbe pembeni, yakusanye kwa mwiko kabla hayajakauka, toa yakiwa bado yanateleza katikati. Yatamalizikia ndani ya wali.

Kisha futa kikaango, kirudishe motoni kikavu, dakika mbili nzima. Nyunyiza matone mawili ya maji kwa kidole. Yakitulia na kutokota, bado. Yakijikunja kuwa shanga na kukimbiakimbia juu ya chuma, tayari. Ndiyo mara pekee maji yanaruhusiwa. Weka vijiko viwili vya chakula vya mafuta, zungusha, tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyokatwa, hesabu mpaka kumi, kisha wali: vikombe viwili vya wali uliopoa, usizidishe. Najua kilo yako itahitaji mizunguko mingi. Pika nusu kilo, mizunguko mitatu au minne, kila mmoja dakika nne. Wakati unakaanga wa tatu watoto watakuwa wameshaanza kula wa kwanza, na hivyo ndivyo unavyopendeza kuliwa.

Tandaza wali chini ya kikaango kama unapiga sakafu, ubonyeze kwa mgongo wa mwiko, halafu uache. Kuuacha ndiko kugumu. Wanafunzi wangu wote hukoroga kama ugali, na ukikoroga unavunja punje na kutoa wanga. Sekunde thelathini bila kugusa. Mvuke mzito utapanda. Sauti yake mwanzoni ni ya chini, kama mvua juu ya nyasi. Geuza, bonyeza, acha tena. Mara ya tatu au ya nne sauti inabadilika: inakuwa kavu, inapasukapasuka, mvuke unapungua, na punje za pembeni zinaanza kurukaruka zenyewe. Mpishi mkuu aliyenifundisha, Mchina wa makamo, hakujua Kiswahili cha kutosha kunieleza haya. Siku ya kwanza nilipomkorogea wali alimwaga wote kwenye ndoo, akanishika sikio akaliinamisha juu ya karai lake. Nilinuna siku nzima. Lakini mpaka leo nakaanga kwa sikio.

Ukisikia ukavu huo ndipo unatia chumvi, pilipili manga, mboga na mayai, ukivunjavunja mayai kwa ncha ya mwiko. Sosi inamiminwa ukingoni, juu ya chuma kitupu, kijiko kimoja cha chai kwa mzunguko. Ikigusa chuma inachemka na kuungua kidogo kabla haijaufikia wali. Harufu utaisikia mpaka sebuleni. Ukiimwaga juu ya wali wenyewe inanywewa kama maji, ndiyo ile rangi ya udongo. Majani ya kitunguu mwisho, moto ukiwa umezimwa. Mafuta ya ufuta, ukipenda, ni matone tu, nayo yawe ya ufuta uliokaangwa kwanza, yale meusimeusi yenye harufu. Haya mengine meupe hayatakupa ladha ya Kichina.

Vijiko vitano vya sosi vilikuwa vingi, na hapa namuunga mkono baba watoto nusu. Sosi ya kawaida ina miligramu 900 hivi za sodiamu kwa kijiko cha chakula. Vitano vikigawanywa kwa watu wanane, kila sahani inabeba zaidi ya miligramu 550 kabla hujahesabu chumvi ya wali, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, sawa na chumvi kijiko kimoja cha chai. Si sumu. Ila kwa mtu wa presha ni nyingi. Wala haina haja: wali mzuri wa kukaanga mara nyingi ni mweupe wenye madoa ya kahawia. Ule maarufu wa Yangzhou, mji wa jimbo la Jiangsu, unaonyesha kamba, mayai na njegere waziwazi, haujazamishwa kwenye sosi.

Kuhusu ule unga mweupe, hapo namkatalia kwa heshima. Ni glutameti. Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 alipokuwa akichunguza utamu wa mchuzi wa mwani, na glutameti hiyohiyo imo kwenye nyanya mbivu na kwenye maziwa ya mama. Hofu yake ilisambaa baada ya barua moja iliyochapishwa kwenye jarida la tiba la Marekani mwaka 1968. Majaribio yaliyofuata, ambayo mlaji hakujua amepewa nini, hayakuonyesha madhara ya kueleweka kwa viwango vya kawaida vya chakula. Unga huo una sodiamu theluthi moja hivi ya ile ya chumvi, kwa hiyo ukiweka robo kijiko cha chai na kupunguza chumvi, unaweza kuishia na sodiamu pungufu. Lakini ukiuacha wali hautaharibika, na sioni sababu ya kuvuruga amani ya nyumba kwa robo kijiko. Kiasi cha chumvi kinachomfaa yeye akiulize kliniki anakopimwa presha, pamoja na dawa anazotumia. Hilo si la kuamuliwa na mpishi.

Mwisho, ununuzi. Karai la Kichina, hapana kwa sasa. Kikaango kizito cha chuma, ndiyo, ukipata fedha, kitakusaidia hata kwenye chapati. Lile jiko kubwa la moto mkali linatumia kirekebishi na mpira tofauti na wa mtungi wako, na si kitu cha kuunganisha mwenyewe wala kuwasha ndani ya chumba. Ukilitaka siku moja, liwe nje uani na aitwe fundi wa gesi aje alifunge. Kama unatamani ile pumzi ya karai bila gharama, jaribu jiko la mkaa uani, makaa yamejaa na yamekolea mekundu, karai limekaa karibu nayo kabisa. Utakaribia kuliko kwa gesi ya ndani. Usilete jiko hilo ndani hata kama upepo ni mkali, hewa ya mkaa inaua kimyakimya.

Jumamosi hii pika mzunguko mmoja tu wa kujaribu, vikombe viwili vya wali, kabla hujawaita watoto mezani. Usipousikia ukipasuka baada ya dakika tatu, toa nusu uendelee na uliobaki. Na sahani ya baba watoto ichote kabla sosi haijaingia karaini, umwekee majani ya kitunguu na ndimu pembeni.